Mwenyekiti Anakwenda wa Mwisho

Mume wangu, kapteni mstaafu, aliutaka sana uenyekiti wakati wanajeshi wastaafu wenye pikipiki walipofungua tawi la chama chao hapa Zuzu. Alikwisha kujiona anaongoza msafara. Walipomchagua, uani kwangu, katibu aliyetoka tawi la mjini akamweleza kanuni ya matawi yote: mwenyekiti anaendesha wa mwisho, ili mtu asiachwe njiani.

"Hata kapteni?"

"Hata wewe, afande. Nyota zilibaki kambini."

Wenzake wakacheka. Mimi nikampa kanga afunge pua.

Safari ya kwanza walikwenda Mlali. Alirudi mwekundu kwa vumbi mpaka kope, wenzake wote wakiwa mbele yake, wazima.

"Baba," nikamwuliza, "nimwambie katibu atafute mwingine?"

"Thubutu."

Kanga yangu hajairudisha mpaka leo.