Siku niliyofungua email ya mjomba kwa browser ya majaribio mbele ya wakwe, mjini Baraka

Wakuu, amani kwenu. Haya yalinikuta mwenyewe, na shahidi ni mke wangu, anasoma hapa begani.

Ni miaka ile ya vita. Nilikuwa mjini Baraka, kando ya ziwa, naangalia jenereta na kompyuta ya shirika moja la misaada. Intaneti ilikuwa ya dishi la satelaiti, page moja unaingoja kwa uvumilivu wa Ayubu.

Nilitaka kumuoa Neema. Kwao binti haolewi mpaka mjomba akubali, na mjomba alikuwa amekimbilia ng'ambo ya ziwa, kambini huko Kigoma. Akikataa, nimekwisha.

Siku moja msafiri akaleta habari: mjomba ametuma jibu la posa kwenye email yangu.

Sasa sikieni ujuaji wangu. Mgeni mmoja wa ofisi aliniachia CD ya browser mpya, beta kabisa. Sifa yake tabs: page mbili tatu ndani ya dirisha moja! Nikaona leo ndiyo leo, wakwe watanijua.

Bosi akaniruhusu mchana, mpaka mafuta ya jenereta yaishe. Wazee wa pande zote wakaja, na mama yangu, wakakaa mbele ya screen.

Email ikaanza kushuka. Salamu tupu. Nikataka kwenda chini kwenye neno lenyewe.

"We mutoto, unaruka salamu za mukubwa?" Baba Neema akanikata. "Soma yote. Na tumujibu kwanza, mbele ya kuingia mu maneno."

Kwetu ndivyo. Nikafungua tab ya pili, nikaandika salamu zao: mihogo ya Kilembwe, samaki wa Ubwari, nani kazaa, nani amezikwa. Tabs zinafanya kazi, wakuu! Kichwa kikavimba.

Browser ikajifunga yenyewe. Salamu zote zimepotea. Kikabaki kidirisha.

"Kinasema nini?"

"Kinauliza tulikuwa tunafanya nini kabla ya tatizo, baba."

"Kinauliza muzuri. Ukijibu, na ukisalimie."

Nikaandika kwa Kifaransa changu cha shule: familia mbili za Baraka zinawasalimu, tulikuwa tunaongea na mjomba. Sijui wenye browser yao, walipoisoma huko, walielewa nini. Mama alicheka mpaka kitenge kikalegea.

Mimi jasho tu. Nikafungua upya, tab moja, nikasoma kwa sauti na kila aliyetajwa akaitika. Nilipofika "musalimie na mukwe wetu, mama ya huyu kijana", jenereta ikakohoa, screen ikazima. Neno halijafika.

Nilitaka kulia, sioni aibu kusema.

Baba Neema akainuka, akampa mama yangu mkono. "Umesikia venye amekuita? Mukwe. Sasa tunangoja neno gani ingine?"

Vigelegele ofisini, bosi akatoka mbio akidhani tumevamiwa.

Funzo: beta usiijaribie siku ya posa. Na salamu za watu msiziruke, wakati mwingine shauri lote limo humo.

Ile email sikuwahi kuimaliza. Mjomba aliporudi nikamuuliza chini aliandika nini.

"Chini? Niliomba mawese. Mupaka leo hamujatuma."

Haya, nani mwingine software ilimtoa jasho mbele ya wakwe? Mwaga kisa chako, Neema anataka kucheka wengine.