Kamba ya Theluji Kariakoo

Leo asubuhi nimefungua kabati la binti yangu, na vile vidonge vyeupe vya kufukuzia wadudu vikanirudisha Kariakoo kabla sijavaa hata miwani. Wenzangu hukumbuka utoto kwa ubani au mchuzi wa nazi. Mimi, na shahada zangu zote, nakumbuka kwa harufu ya robota la mitumba.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Mitumba ilimiminika mjini, na mama, aliyekuwa akishona sare za shule, akaamua kufanya biashara. Robota ni kama mchumba, walimwonya wenzake, unamjua ukishamfungua. La kwanza aliuziwa kwa jina la "makoti". Alitarajia ya ofisini. Yakatoka ya kuchezea kwenye theluji, manene kama magodoro, katika jiji ambalo hata mbu hutokwa jasho.

Ndani ya mfuko mmoja tukakuta kamba nyembamba nyekundu, ndefu kupita kibanda chetu. Mama akataka kuanikia nguo. Aliyemzuia ni Mzee Kanji, muuza vitambaa wa duka la jirani, Mhindu aliyewahi kwenda hija kwenye milima ya kwao.

"Hii ya theluji, Mama Neema. Kule mlima unaporomoka, unafukia watu. Kwa hiyo wanavuka mmoja mmoja, kila mtu anaburuta kamba yake. Ukifukiwa, ncha inabaki juu, wenzako wanaifuata."

"Na mwenyewe afanye nini huko chini?"

"Mikono mbele ya uso, apate pa kupumulia. Halafu angoje." Akalitazama lundo letu. Yale ya theluji, ya nailoni, yaliyokosa wateja yalikuwa chini, makoti mazito ya sufu ya robota la pili juu. "Hata hili litashuka. Utelezi chini, uzito juu, ndivyo theluji inavyoua."

Mama alicheka mpaka akakaa. Lakini msimu wa sikukuu uliotangulia nilikuwa nimempotea kwenye umati wa mtaa wa Msimbazi kuanzia adhuhuri hadi alasiri, na tangu hapo hakuwa akilala vizuri. Kesho yake akanifunga ile kamba kiunoni.

Watoto wa Kariakoo hawana huruma. "Mbuzi wa Idi huyo! Anachinjwa lini?" Nikipita, mtaa mzima unalia mee.

Jumamosi moja akaja mteja kutoka Makete, kwenye baridi ya kweli, binadamu wa kwanza kuyatazama makoti yetu kwa mapenzi. Akalipenda la bluu, lililokuwa chini kabisa.

"Kaka, chagua ya juu!" mama akamwambia.

"Moyo umependa hili, dada." Akalichomoa.

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya lundo nikila andazi. Sikusikia kishindo. Nilisikia nailoni zikinong'ona, fyuuu, kisha giza na uzito. Mikono ikaja usoni yenyewe, pamoja na andazi, nikawa napumua iliki.

Nje mama alipiga ukelele ambao wanadai ulisikika hadi kata ya jirani, Mchafukoge. Watu wakavamia lundo na kuchimba kila upande. Dada mmoja akasimama katikati ya uokoaji, koti mkononi: "Hili la zipu bei gani?"

"Shukeni! Mnamkanyaga mtoto!" Hiyo ilikuwa sauti ya Mzee Kanji. "Tafuteni kamba!"

Ncha ilikuwa chini ya kiatu cha mtu wa Makete.

"Fuata tu, Mama Neema, usivute!"

Mama akavuta. Nilitoka kinyumenyume, sketi kifuani, andazi mdomoni, umati ukishangilia. Mama akanikumbatia, akanizaba kofi, akanikumbatia tena. Jumatatu watoto walewale walipanga foleni kibandani, wakiomba kufukiwa.

Miaka baadaye nikachaguliwa kwenda chuo kikuu, Mlimani, basi moja tu kutoka nyumbani, na kilima kile hakijawahi kuona theluji. Bwenini nikaikuta kamba imefungwa kwenye begi langu, kwa fundo la fundi cherehani. Niliificha chini ya godoro, nikamcheka mama kwa ushamba wake.

Sasa binti yangu anasoma nchi ya baridi, na tangu jana hapokei simu. Bila shaka ni mzima, anakula. Nami nimesimama mbele ya kabati lake tupu, nimeshika simu kwa mikono miwili. Utoto wangu wote niliamini kamba ile ilikuwa yangu. Lakini mimi huko chini nilikuwa na andazi langu, nimetulia. Kamba ilikuwa ya mama, aliyebaki juu.