Kikombe cha Asubuhi na Kikombe cha Jioni

Harufu ya kibuyu kilichofukizwa moshi wa kuni, ikachanganyika na harufu ya samli na ngozi, hulifanya tumbo langu lisimame wima hadi leo, kama mwanafunzi mtoro aliyeitwa jina lake. Basi nianze kwa kukiri ujinga wangu, maana nisipoukiri mimi atausimulia jirani yangu, na yeye huongeza chumvi. Nilipokuwa na miaka tisa hivi nilificha maziwa ya siku sita ndani ya kibuyu, nikakitia kifuniko, nikakitundika gizani nyuma ya kitanda, nikiamini kwamba maziwa yasiyoonekana na mtu huisha yenyewe kama umande. Hayakuisha. Watoto wa siku hizi wanasema wazee wa zamani walizaliwa na akili. Mimi ni ushahidi kwamba wengine wetu tulizipata njiani, tena kwa kuchelewa.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mkoloni bado yupo, na kijiji chetu cha Wapokomo kilikuwa ukingoni mwa Mto Tana, chini kidogo ya Garsen. Baba alikuwa Mombasa akifanya kazi ya kupakua mizigo bandarini, kwa hiyo nyumbani tulikuwa wawili, mama na mimi. Watatu tulikuwa mwaka uliotangulia. Mdogo wangu alifariki kwa kuharisha, siku nne tu tangu aanze. Mwaka ule wa mafuriko mvua haikunyesha kwetu sana. Ilinyesha huko juu milimani kwa watu wengine, wao wakavuna, sisi tukaletewa maji. Mto haukuja kwa kishindo kama watu wanavyodhani. Ulikuja kwa adabu, ukapita kwenye migomba, ukaingia kwenye mahindi, ukabisha hodi jikoni, na kufikia adhuhuri mafiga yetu yalikuwa yanatazama mbingu kutoka chini ya maji. Mama alipakia kwenye mtumbwi mkeka, sufuria, gunia la mahindi lililokuwa limekwisha kulowa nusu, na mimi. Tukaenda kwa Waorma.

Nieleze kidogo. Kila nyumba ya Wapokomo ilikuwa na sahibu wake kati ya Waorma wafugaji. Sisi tuliwapa mahindi na ndizi, wao walitupa maziwa na samli, na urafiki huo ulirithiwa kama shamba. Sahibu wa nyumba yetu alikuwa familia ya mama mmoja mrefu aitwaye Habaso, aliyekuwa na binti wa umri wangu, Hawo, na kijiji chao kilikuwa mahali palipoinuka, ambapo maji hayafiki. Habaso alitupokea bila maswali. Alimhamisha Hawo kutoka kwenye kinyumba kidogo cha nyasi, cha mviringo, tukapewa sisi, pamoja na kitanda cha fito na ngozi ya ng'ombe ya kulalia. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini wafugaji hawana jembe, kwa hiyo mimi siku ya kwanza tu nilipewa kikombe.

Kilikuwa kikombe cha bati, kikubwa, kilichojaa maziwa mabichi ya moto kutoka kwenye chuchu, yenye povu juu na ladha ya moshi ndani. Hadi siku hiyo nilikuwa nikiyajua maziwa kama kijiko kimoja ndani ya chai, siku ambayo chai ilikuwepo. Kikombe kizima sikuwahi kukutana nacho. Nilikunywa kwa furaha, nikajipangusa mdomo, nikajiona Mworma kamili. Saa moja baadaye tumbo lilianza kunguruma kama pantoni ya Garsen inapovutwa kwa kamba, kisha likajaa upepo, kisha nikakimbilia vichakani. Jioni kikaja kikombe cha pili, na vichaka vikanipokea tena. Siku ya tatu nilikuwa nimezijua njia zote za vichaka vile kuliko ndama waliozaliwa pale.

Mngeniambia nile kitu kingine. Kipi? Mahindi yetu yaliyolowa yalikuwa yameota ukungu siku ya nne, na wenyeji wetu hawakuwa na nafaka, kwa sababu nafaka yao ilikuwa ni ile yetu, na yetu ilikuwa chini ya maji. Nyuma yetu kulikuwa na maji mpaka upeo wa macho. Mbele yetu kulikuwa na udongo mweusi uliokunywa maji ukawa gundi. Ng'ombe alizama mpaka magotini, na habari zilisema barabara ya Malindi imekatika na pantoni imefungwa. Mbu walikuwa wengi kiasi kwamba ukifumbua mdomo kulalamika unakula. Na kichekesho chenyewe ni kwamba kambare walijaa kwenye maji ya kina kifupi, hatua hamsini kutoka kwetu, wakijigeuza matumbo kama watu wasio na kazi. Lakini Waorma wale hawali samaki, na kwao mtu anayenuka samaki hashiki kibuyu cha maziwa. Mama alinikanya mapema kabisa: nikivua hata mmoja, aibu itakuwa yake, na huenda kesho yake tukaambiwa tutafute pa kwenda. Pa kwenda hapakuwepo. Basi nilikaa ukingoni nikiwatazama kambare, na nadhani nao walikuwa wananitazama, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma.

Hapo ndipo mtego ulipojifunga vizuri. Habaso aliniona nakonda akashtuka, kama mama yeyote. Kwao dawa ya mtoto dhaifu inajulikana. Akachagua ng'ombe wake bora, mwekundu mwenye pembe za kupinda, akaamuru kwamba maziwa ya kwanza ya ng'ombe yule ni yangu, na Hawo mwenyewe akapunguziwa sehemu yake ili mimi niongezewe. Kikombe kikawa kinajazwa mpaka kinamwagika. Kila nilipokunywa niliharisha, kila nilipoharisha nilikonda, na kila nilipokonda nilinyweshwa. Mama naye alikuwa upande wao. Dresa, mfunga vidonda wa zahanati, alikuwa amewahi kuwaambia akina mama kwamba maziwa ya ng'ombe hujenga mwili, na dresa alivaa viatu, kwa hiyo neno lake halikujadiliwa. Mama aliamini kinachoniharisha ni maji ya mafuriko, akawa ananizuia maji na kunihimiza maziwa. Dunia nzima ilikuwa imekubaliana kwamba maziwa ni afya. Tumbo langu peke yake lilikuwa chama cha upinzani, na halikuwa na msemaji.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza swali hilo miaka mingi. Mtoto anayekula kwa watu hafungui kinywa kukisema chakula chao. Kumwambia Habaso kwamba maziwa yake yananiumiza ilikuwa sawa na kumwambia nyumba yake ina uchawi. Nilimwona Hawo akilamba povu lililobaki kwenye kikombe changu, nikajua kwamba ninachoenda kukimwaga vichakani ni chakula chake. Na usoni mwa mama niliona jambo jingine. Jioni moja alinishika kifundo cha mkono kwa vidole viwili, akavizungusha, vikakutana na kupitana. Alivirudisha vidole vyake mapajani akavitazama, na mimi nilijua anahesabu siku nne za mdogo wangu. Ningemwambiaje kwamba anachoninywesha kwa mkono wake mwenyewe ndicho kinachonimaliza? Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga, lakini hawakusema afanye nini mtu ambaye dawa ndiyo maradhi yake.

Nikafanya lililofanywa na wajinga wengi kabla yangu: nikaficha. Nyuma ya kitanda kulikuwa na kibuyu kikubwa cha Hawo ambacho hakikuwa na kazi wakati ule. Nikawa naomba ninywee ndani kwa sababu ya mbu, jambo ambalo kila mtu aliliona la busara, na mama akitoka tu namimina. Kumwaga chini sikuthubutu. Kwa wafugaji kumwaga maziwa ni zaidi ya kosa. Siku ya kwanza tumbo lilinyamaza, nikashangilia. Siku ya tatu nilikuwa naona nyota mchana, kwa sababu nilikuwa naishi kwa ndizi moja mbichi ya kuchoma kwa siku, kutoka mkungu mmoja ulioletwa na maji, tena ya kugawana na mama. Nilikuwa nimetoka kwenye kuharisha nikaingia kwenye njaa, kama mtu aliyeruka mkojo akakanyaga mavi. Siku ya sita asubuhi, mama akifagia, kifuniko cha kibuyu kilifyatuka chenyewe, maziwa yakachuruzika ukutani mpaka kwenye mkeka wetu, mazito, meupe, yakinuka uchachu wa kuita majirani.

Mama hakunipiga. Ningependa angenipiga. Alikaa chini, akajifunika uso kwa kanga, kisha akaniinua kwa mkono, akachukua kibuyu kwa mkono mwingine, akatupeleka sote wawili mbele ya Habaso. Alisema kwa sauti ndogo kwamba mwanawe ameiba chakula cha nyumba hii na kukiozesha, na kwamba tuko tayari kwenda tunakoweza. Wanawake wawili watatu walikuwa wanakamua, wakaacha. Hawo alikuwa amesimama akitazama kibuyu chake. Habaso akainama mpaka uso wake ukalingana na wangu, akaniuliza nilikuwa nataka kufanya nini.

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema ukweli. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Mimi nikasema, "Nilikuwa namwekea baba."

Sijui neno lile lilitoka wapi. Baba alikuwa Mombasa, angeyanyweaje? Lakini Habaso aliposimama macho yake yalikuwa na maji. Akawaambia wenzake kwa Kiorma, wakatikisa vichwa, mmoja akanishika kichwa kama anayebariki. Kisha akakitikisa kibuyu, akakinusa, akacheka. Kwani yameoza? Hivi ndivyo wao wanavyoyafanya kwa makusudi, wakiyaacha kwenye kibuyu cha moshi mpaka yagande. Nilichokifanya kwa ujinga, Hawo alikuwa bado anafundishwa. Akaagiza kikombe. Kikajazwa maziwa yale yale, mazito kama uji, yanayokatika vipande.

"Kunywa, mwana," akasema kwa Kiswahili chake. "Baba iko mbali. Hii yako."

Nikajiona nimerudi mle mle nilimotoka, safari hii mbele ya kijiji kizima. Nilikunywa. Yalikuwa makali, yakanikunja uso, Hawo akacheka mpaka akakaa. Nikarudisha kikombe, nikaketi karibu na njia ya vichakani kama mtu mwenye uzoefu, nikasubiri. Jua likapanda. Tumbo likakaa kimya. Nikasubiri mpaka ndama wakatolewa, nikaligonga kwa kidole kuona kama bado lipo. Kimya. Adhuhuri nikaomba kikombe kingine, na mama, aliyekuwa ameketi mlangoni asubuhi nzima bila kushona wala kusuka, alijificha nyuma ya nyumba, nikamsikia akilia. Kuanzia hapo nilisema nayapenda ya mgando tu, na kwa kuwa nilikuwa mtoto mwenye upendo kwa baba yake, sikunyimwa. Maji yalipopungua na tukarudi kwenye matope yetu, vidole vya mama havikuweza tena kuvukana kwenye mkono wangu.

Leo nakaa Garsen, nyumbani kwangu, mahali ninapopapenda kiasi kwamba hata Malindi nimefika mara nne tu na mara zote nikaugua. Nilisoma mpaka kidato cha nne, elimu iliyonitosha kusoma maandishi kwenye pakiti ya maziwa lakini si kuyaelewa. Muuguzi wa hospitali ananiambia ninywe, mifupa ya uzee inataka maziwa. Mjukuu wangu anasoma kwenye simu yake kwamba mtu mzima hana haja ya maziwa ya ng'ombe hata kidogo, hayo ni ya ndama. Wanabishana juu ya kichwa changu, nami nawaacha. Mimi naijua nusu moja ya jibu: kitu kizuri kwa jirani kinaweza kukumaliza wewe, na kile kile kikikaa kidogo kikabadilika kinaweza kukuponya. Nusu nyingine waulizwe wenye matumbo yao. Zamani hizo tuliogopa maji, na maziwa yalikuwa hayana bei kati ya sahibu na sahibu. Siku hizi ukame umemaliza ng'ombe wengi, vijana wa pande zetu mbili wameshagombana mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na Hawo, ambaye sasa ni bibi na nyumba yake inatazamana na yangu, hununua maziwa ya pakiti dukani, yaliyotoka huko bara kwa ng'ombe asiowajua majina. Ameniambia hayanuki kitu, na kwamba hilo ndilo linalomtisha.

Mwezi uliopita alikuja kuketi kwangu na pakiti yake mkononi, na sijui ni uzee au ni upweke, nikajikuta namwambia. Nilimwambia kuhusu vichaka, kuhusu povu alilolamba, kuhusu baba ambaye sikumwekea hata tone. Mama yake ametangulia zamani, na najua kisa cha mtoto Mpokomo aliyejinyima maziwa kwa ajili ya baba yake husimuliwa katika ukoo wao mpaka leo, watoto wachoyo wakikanywa. Hawo aligeuka akatazama barabarani, nikadhani nimempoteza rafiki kwa ajili ya ukweli uliochelewa zaidi ya miaka sitini. Kisha akanigeukia, akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akasema:

"Mama amekufa akikusifu bure. Mdomo ulikuwa nao, wewe ukautumia kunywa tu."