Mfuko wa Salfa

Unga wa muhogo siuli. Nimezaliwa Lupaso, nimekuzwa kwa ugali wa muhogo, na leo nikiuona tu unasongwa jikoni kwa mtu, natoka nje. Watu wanasema nimeanza maringo ya mjini. Wacha waseme.

Nianzie mbali kidogo ili nieleweke. Mimi nauza vitenge kwenye magulio: Masasi, Lisekese, Chiungutwa, mpaka juu Newala. Na nameza dawa za Ukimwi, kidonge kimoja kila siku baada ya chakula cha jioni, miaka mingi sasa. Dawa hizo ni bure. Unakwenda hospitali, unakaa kwenye benchi, unaitwa, vidonge ulivyobakiza vinahesabiwa, unapewa kopo jingine, unakwenda zako. Hulipi hata senti. Unacholipa ni lile benchi, kwa sababu liko nje, watu wanapita, na kila apitaye anajua ukikaa pale umekaa kwa nini.

Basi sisi wa Masasi tukajiona wajanja: tunapanda kuchukulia Newala. Na wa Newala, kwa ujanja ule ule, wanateremka kuchukulia Masasi. Asubuhi magari yanapishana mlimani, sisi tunapanda, wao wanashuka, kila mmoja kajitanda kanga mpaka puani. Siku moja kwenye benchi la Newala nikakutana uso kwa uso na jirani yangu wa Masasi, tunatumia kisima kimoja. Tukatazamana weee. Akasema amekuja kung'oa jino. Nikamwambia na mimi jino.

Dada yangu hakuwa na ujinga huo. Alikuwa mkubwa wangu, mjane, anaishi kule kule Lupaso kwenye shamba la mikorosho aliloachiwa na mumewe. Yeye alichukulia Masasi, mchana kweupe, anakaa mwanzo wa benchi na ukili wake anasuka mkeka, anasalimia wapita njia kwa sauti. Mimi alinicheka sana.

"Wewe mwenzangu," ananiambia, "hilo jino lako la Newala haliishi? Si ungekuwa umebaki ufizi mtupu sasa."

Na kila nilipopanda kwenda gulio la Newala, dada alinipa mzigo. Ndoo ndogo ya rangi, ile ya lita nne, imejaa unga wa muhogo mweupe, kifuniko kimebanwa na nailoni. "Mpelekee Mama Mwenyekiti," anasema. "Anaupenda unga wetu."

Huyo Mama Mwenyekiti alikuwa mtu mzito kule juu. Mume wake ana mikorosho isiyohesabika, yeye mwenyewe anaongoza kikundi cha akina mama na yumo kwenye kamati ya Ukimwi ya kata yao. Nimemsikia kwa masikio yangu haya, kashika kipaza sauti gulioni, anatuhubiria tujitokeze kupima, tusinyanyapaane, kliniki ni yetu sote. Watu tukapiga makofi. Nilipompelekea unga alinipokea vizuri, anaitika shikamoo yangu kwa upole, chai ya maziwa, chapati, habari za nyumbani. Na wakati wa kuondoka nakuta mfuko wa salfa umeshawekwa mlangoni. "Mpe dada, apulizie mikorosho yake."

Asiyelima korosho hawezi kujua salfa ni kitu gani kwetu. Ni ule unga wa manjano unaopulizwa mikorosho ikianza kutoa maua. Ukichelewa wiki mbili tu, ugonjwa unaingia, ua linageuka jeusi kama limeunguzwa, na mwaka wenu umekwisha hivyo. Salfa ikifika ghalani watu wanasukumana, majina yanakatwa, wengine wanarudi mikono mitupu. Huyu mama hakuikosa hata msimu mmoja. Na alikuwa anampa dada yangu mfuko mzima kwa sababu ya ndoo ya unga! Nilimsifia mpaka watu wakanichoka. Nikasema, tazameni, wakubwa wenye utu bado wapo.

Mwaka uliofuata dada akaanza kuisha. Kwanza kikohozi. Halafu kanga moja ikawa inamzunguka mara mbili. Nilimpeleka mwenyewe Masasi, na pale nesi akatueleza kwamba wingi wa virusi mwilini umepanda sana, akamkazia macho.

"Mama, unameza kila siku?"

"Kila siku."

Nesi akamwaga vidonge vilivyobaki mezani, akahesabu kwa kidole, akatazama kitabu. Vilikuwa sawasawa kabisa, hakuna kilichozidi. Akashusha pumzi, akamwambia aongeze kula vizuri, arudi wapime tena. Mimi njia nzima nilimlaumu yule nesi. Nilisema dawa za Masasi zitakuwa zimeoza, nikamsihi dada ahamie kliniki yangu ya Newala. Yeye akawa anatazama nje ya dirisha la gari.

Nilijua kwa sababu ya uji. Nililala kwake Lupaso ili asubuhi nipitie gulioni. Nikaamka mapema kumpikia uji, kibuyu cha unga kikawa kitupu, nikasema nichote kidogo kwenye ndoo ya Mama Mwenyekiti, hawezi kupungukiwa. Nimechovya kikombe, kikagota kitu. Nikaingiza mkono, nikavuta kifuko cha nailoni kilichofungwa fundo. Ndani yake vidonge.

Sikuhitaji kuuliza ni vidonge gani. Nameza kile kile kila siku, nakijua kwa mikunjo ya ulimi wangu. Nilikaa chini hapo hapo jikoni, mkono mweupe wa unga mpaka kwenye kiwiko, nikakumbuka ndoo zote nilizopandisha. Mwaka na nusu! Mimi ndiye niliyekuwa nazibeba kichwani, nachagua gari lisilojaa ili unga wa watu usimwagike.

Dada alikuwa ameshasimama mlangoni.

"Rudisha," akasema.

"Nini hiki, dada?"

"Umeshaona. Rudisha."

Nilipandwa na hasira, nikamrukia kwa maneno ambayo mdogo hamwambii mkubwa wake. Akaniacha nimalize. Halafu akakaa kwenye kigoda, akanieleza taratibu kama mtu anayeelekeza njia. Mama Mwenyekiti alipima Mtwara mjini, mahali asipojulikana, akapewa kopo la kwanza, hakurudi tena. Kliniki hawezi kukanyaga, yeye na cheo chake. Walijuana kwenye semina ya wakulima, akaona dada hana haya, akamwita pembeni. Makubaliano yao ni nusu kwa nusu.

"Nameza leo, kesho naacha," dada akasema. "Mimi mwili wangu unavumilia. Mkorosho hauvumilii. Ukikosa salfa hauniambii ngoja kesho."

"Dada, unakufa!"

"Nikifa watoto wanabaki na mikorosho. Nikipona na mikorosho ikiungua, wanabaki na nini, na mimi mgonjwa wao?"

Nikatoka na ndoo.

Newala nilifika saa sita. Sikukaa. Niliimwaga ndoo yote kwenye sakafu yake inayong'aa, unga ukatapakaa mpaka chini ya makochi, nikatupa kile kifuko juu yake.

"Unga wako huo, Mama Mwenyekiti."

Ebo, mtu kavaa miwani ya mbao! Nilidhani atazimia kwa aibu. Alifunga mlango kwanza. Kisha akasema kwa ile sauti yake ya mikutano, "Mimi sikumlazimisha. Nilimwomba, akakubali, na mkono wangu haukuwa mtupu."

"Ziko bure! Hospitali ile pale, ukisimama barazani kwako unaliona bati lake."

"Nikakae kwenye benchi lile na nani?"

Hapo nilitaka kumwambia: na mimi. Neno lilifika kwenye meno. Lakini nikaona kwamba nikilitoa, ameshaniweka mkononi. Nikalimeza. Nikamtishia tu kwamba nitamsema, na yeye akaanza kulia, machozi ya kweli, akanishika miguu, akaapa kwa watoto wake kwamba basi, hatapokea tena hata kimoja. Nikamwamini. Jamani, sijui nilikuwa nimekula nini siku ile.

Hawakuacha. Walichobadili ni mbebaji: ndoo ikawa inapanda na bodaboda. Nilikuja kuyajua hayo dada akiwa ameshalala kitandani hawezi kugeuka. Nesi yule yule wa Masasi ndiye aliyeniambia kwamba dawa ikimezwa kwa kurukaruka ugonjwa unaizoea. Wakambadilishia dawa, lakini mwili ulikuwa umeshachoka. Alifariki mikorosho ikianza kutoa maua, na siku tunamzika shamba lote lilikuwa linanukia.

Siku ya pili ya msiba gari la Mama Mwenyekiti likasimama uani. Alishuka na akina mama wa kikundi chake, sare moja, wanaimba. Alilia kuliko sisi wenye marehemu. Wakamwekea mkeka mpya, wazee wakamshukuru kwa kutoka mbali hivyo, yeye akasimama akasema marehemu alikuwa mtu wa kujitoa. Alisema hivyo, mbele ya watoto wa dada yangu. Nikatema mate pembeni, watu wakadhani nimeingiwa na vumbi.

Nikamtazama vizuri. Alikuwa ameng'ara, mashavu yamejaa, ngozi inateleza. Nusu ya dozi ya dada yangu isingemng'arisha vile. Ndipo nikatambua kwamba Lupaso haikuwa peke yake. Kuna ndoo nyingine zinazopanda kutoka vijiji vingine, kuna akina dada wengine wanaoacha kesho, na mifuko ya salfa inateremka kwa njia ile ile. Yule mama alikuwa na soko lake, tena soko kamili, na sisi tulikuwa tunampigia makofi.

Kufika jioni akasogea mpaka nilipokaa. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanikunjia rambirambi kiganjani, akaniegemea kama anayenifariji. Akaninong'oneza sikioni:

"Zile alizobakiza ziko wapi?"

Nilifungua mdomo. Kulikuwa na watu uani wasiopungua mia, na sauti yangu ya kuuzia vitenge inafika mbali. Nilitaka waisikie wote, wazee waliomshukuru, akina mama wa sare, watoto wa marehemu. Nilishavuta pumzi. Halafu nikamwona yule jirani yangu wa kisima kimoja, wa jino, kakaa karibu na sufuria ananitazama. Nikaona swali litakalofuata: wewe umezijuaje hizo dawa kwa kuziona tu, wewe huwa unafuata nini Newala?

Nikafunga mdomo. Nikaingia ndani, nikafungua sanduku la dada, nikachukua kopo la zile dawa zake za kwanza. Lilikuwa limebaki na zaidi ya nusu. Nikamletea nimelifunika kwa kanga ya marehemu, nikampa. Ndiyo, mimi nilimpa, kwa mkono wangu. Akalisukumia kwenye mkoba, akaniambia Mungu anizidishie.

Wiki haikuisha, bodaboda ikaja na mfuko wa salfa, ukatuliwa barazani. Watoto wa dada wakatoka wakauzunguka, wakaniuliza, "Mama mdogo, nani katuletea?" Maua yalikuwa yanangoja, na wenzao wote walikuwa wameshapuliza. Nikawaambia ni marafiki wa mama yenu. Pulizeni.

Mikorosho ya marehemu ilizaa mwaka ule mpaka majirani walikuja kutazama. Watoto walinibangulia korosho za kwanza, wakazikaanga vizuri, wakaniletea Masasi kwenye bakuli la mama yao. Nikaziweka kando. Wakanishangaa, wanajua ninavyozipenda.

"Mama mdogo, mbona huli?"

Nikawaambia jino.