Sauti ya Baba Ilitoka, Picha Ikakataa

Admin, naomba ufiche jina langu, maana baadhi ya ndugu zangu wanaifuata page hii.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, nipo kidato cha tatu, naishi Miyuji, Dodoma, na mama na wadogo zangu wawili. Si mtu wa maneno mengi. Darasani najulikana kama yule wa maktaba. Lakini leo nina hasira ambayo sijui niiweke wapi, kwa hiyo mnivumilie.

Baba alifariki baada ya kuugua muda mrefu. Alipoona hali imekuwa mbaya, alimwita kaka yake, yaani baba mkubwa, akamwambia mama awarekodi kwa simu ya baba mwenyewe. Mimi nilikuwa shule. Katika video hiyo baba anasema shamba la zabibu la Makutupora ni la mama na sisi watoto, lisiguswe. Mama alinisimulia siku ileile. Kabla ya mazishi nilienda stationery wakanihamishia video kwenye flash, nikiwa na nia ya kuwa na kumbukumbu ya baba tu. Sikujua kama nitakuja kuihitaji.

Siku ya kuanua tanga vitu vya marehemu viligawanywa kama ilivyo desturi. Baba mkubwa, kwa kuwa ndiye mkubwa, alichukua koti, redio na simu. Hakuna aliyeshangaa. Muda si mrefu tukasikia ameweka vibarua shambani na anasema shamba ni la ukoo. Mama alipomkumbusha maneno ya baba, alimjibu mbele yetu, "Maneno gani? Mimi siku hiyo nilikuwa Manyoni." Simu nayo alikuwa ameshaifuta yote.

Kikao kikaitishwa. Wazee wakasema kama kuna video, iletwe waione wote. Kaka Beno, mtoto wa baba mkubwa, anasoma mambo ya kompyuta chuo kule Chimwaga, akaja na laptop yake. Nilimpa flash.

Sauti ya baba ikatoka. Dhaifu, lakini ni yeye. Kioo kikabaki cheusi kabisa. Baba akasema habari ya shamba, halafu akauliza, "Kaka, umesikia?" Kukawa kimya. Sekunde zikapita, hakuna aliyejibu, video ikaisha.

Baba mkubwa akacheka. "Mmeona? Anamwita kaka, kaka hayupo! Huyo ni mtu gani anaigiza sauti ya mdogo wangu?"

"Shemeji, ulikuwepo," mama akasema. "Ulikaa pale kwenye stuli."

"Wewe mwanamke wa Songea, usinifundishe nilikokuwa."

Kaka Beno akasema atairekebisha. Alichofanya ni kubadili herufi za mwisho za jina la faili, zile zinazoonyesha ni video ya aina gani, akatangaza ameshaibadilisha iwe ya kompyuta. Akabonyeza. Safari hii hata sauti haikutoka. Yakatokea maneno ya Kiingereza.

Baba mkubwa akasimama. "Kompyuta haina shemeji wala mjomba. Imekataa uongo. Kikao kimeisha."

Na wazee wakatikisa vichwa kukubali! Watu wazima, wanaikubali laptop kama vile imekula kiapo. Mimi, ambaye hata salamu naitoa kwa sauti ya chini, nikasema, "Baba mkubwa, haijasema ni uongo. Imesema haina programu ya kufungua faili hilo."

"Nani kakuuliza? Mtoto wa kike unajibizana na wazee? Shule ndiyo inakuharibu."

Kaka Beno akaongeza, "Kidato cha tatu anamfundisha mtu wa chuo," wakacheka wote. Sitasahau kicheko kile.

Niliomba ruhusa shuleni, nikaenda internet café. Kwanza nikarudisha jina la faili kama lilivyokuwa, sauti ikarudi. Kisha nikasoma mpaka nikaelewa kwamba simu ile inarekodi picha kwa namna ambayo programu nyingi za kompyuta haziisomi, na kwamba ipo programu nyingine ya bure inayoisoma. Nikaipakua, nikafungua video.

Baba akatokea. Amejiegemeza kwenye mto, amevaa sweta la bluu. Pembeni yake, kwenye stuli, amekaa baba mkubwa na kofia mkononi. Baba anauliza, "Kaka, umesikia?" Na kwenye ule ukimya, ule ukimya waliouchekea, baba mkubwa anatikisa kichwa kukubali. Mara mbili. Kisha anajifuta machozi kwa kofia.

Nilimleta mama akaona. Alilia, akasema, "Zima." Halafu, "Mwanangu, yule ndiye atakayesimama siku yako ya kuolewa. Ukimuumbua mbele ya ukoo, mimi nitabaki na nani hapa Dodoma? Acha shamba liende, na hiyo flash itupe."

Jumapili baada ya ibada wazee wanakutana tena kumkabidhi baba mkubwa shamba rasmi. Kaka Beno atakuja na laptop ileile, aoneshe picha za mipaka. Flash ninayo, na ile programu nimeiweka humohumo. Mama hajui kama bado nimeitunza. Anadhani nimeitupa kama alivyoniomba.

Wale wa kuandika "muachie Mungu" naomba mpite tu. Wale wa kuniambia nimsamehe kwanza, nanyi mpite. Alilia mbele ya baba yangu, kisha akaja kucheka mbele ya mama yangu.

Nataka mniambie jambo moja tu: Jumapili nimtii mama yangu aliye hai, au nimruhusu baba aulize tena lile swali lake, safari hii wote wakimwona aliyejibu?