Keni Ishirini Kabla ya Saa Tatu

Kiwandani wanamwita Bibi Keni, naye huitika bila kinyongo. Alianza na baiskeli na keni mbili za maziwa, moja kila upande, akisukuma kupanda na kuburuza visigino kushuka. Kisha pikipiki. Kisha, kwenye mnada wa magari chakavu, akaona pikapu kuukuu ya foo-wili, yaani gari ambalo magurudumu yote manne huvuta ukitaka. Majani yalikuwa yameota hadi kwenye usukani, na madalali waliipita kama hawaioni. Yeye aliingia uvunguni, akatoka na vumbi puani, akainunua bila kuisifu hata kwa neno moja. Kwenye mnada anayesifu bidhaa anajipandishia bei mwenyewe.

Mumewe ni fundi cherehani, hushonea sebuleni. Siku ile mkweche ulipovutwa hadi mlangoni, aliinua macho kwenye kitambaa na kuuliza jambo moja tu: "Sasa hiki kitalala nje, au tukisogezee kitanda?"

Miezi minne baadaye mkweche ulikuwa unapanda mlima, na mlima ndio ukawa riziki yao. Wafugaji wa huko juu walijaza keni ishirini kila asubuhi. Kazi yake ilikuwa kuzishusha kilomita tisa za udongo mwekundu hadi kwenye lami, kisha kiwandani kabla ya saa tatu, lori la tanki linapoondoka kwenda mjini. Maziwa yakikosa tanki yanachacha, hayana radhi.

Wiki ya kwanza ya mvua alichelewa mara mbili, pampu ya dizeli ilipomgomea. Aliibadilisha, lakini habari ilikwisha kufika masikioni mwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyekuwa amenunua gari jipya jeupe lenye kitufe cha kila kitu. Shemeji hakulaza damu. Alikwenda kwa meneja akaiomba njia ya mlimani. Meneja, mtu asiyependa kelele ofisini, akakata shauri hivi: kesho pandeni wote wawili, keni kumi kumi. Atakayetangulia kufikisha zake kabla tanki halijaondoka, njia ni yake msimu mzima. Na mkaguzi wa maziwa atapanda na Bibi Keni, maana gari lake ndilo linalotiliwa shaka.

Bila mlima, ile pikapu ingekuwa banda la kuku. Bibi Keni alilijua hilo vizuri kuliko meneja.

Asubuhi mvua huko mlimani ilikuwa ya kumwaga kwa ndoo. Lami ilipokwisha, kabla gurudumu halijagusa tope, alisimamisha gari, akashuka, akachuchumaa mbele ya gurudumu la kulia na kuizungusha loki ya katikati kwa mkono hadi ikasema *tak*. Kisha la kushoto. Gari lake ni la zamani: usipofunga loki hizo mbili, hata uvute gia namna gani, magurudumu ya mbele yanazunguka kama wageni waalikwa, hayafanyi kazi yoyote. Halafu akapunguza upepo kidogo kwenye tairi zote, zilale vizuri kwenye udongo.

Gari jeupe likampita likirusha maji. Kioo kikateremka.

"Shemeji! Unasalimiana na matairi?"

"Nayaomba msamaha kwa niaba yako!"

"Mimi nabonyeza tu hapa, shemeji! Kitufe! Wewe chuchumaa, nitakuachia salamu juu!"

Akaondoka akicheka. Mkaguzi, kijana mtanashati mwenye kisanduku cha vipimo mapajani, alitazama saa.

"Mama, ametuacha."

"Ametuacha kupanda," alisema Bibi Keni akijifuta mikono kwenye kanga. "Kupanda hata mbuzi anapanda."

Akavuta gia ya foo-wili, akaingiza ya pili, akaanza kupanda mwendo mmoja tu, bila kuongeza wala kupunguza, kama mtu anayepanda ngazi na sinia kichwani. Tope lilipiga chini ya sakafu. Penye makorongo alipitisha tairi juu ya kingo, hakuingia ndani. Mara mbili gari lilitaka kulala ubavu, mara mbili akalirudisha, na mara zote mbili mkaguzi alikumbatia kisanduku chake.

Walipofika juu, shemeji alikuwa tayari anafunga turubai juu ya keni zake kumi. Saa mbili na dakika tano.

"Karibu, shemeji! Chai ipo!" alisema akiruka ndani ya gari, na huyo, akashuka kwa mbio hata wafugaji wakasogea nyuma.

Bibi Keni alipakia zake. Alizipanga katikati, akazifunga kwa kamba mbili za kupishana, akaijaribu kila moja kwa kuitikisa. Mkaguzi alikuwa anachezesha miguu kwa wasiwasi.

"Mama, saa mbili na robo!"

"Nimeiona. Panda."

Sasa ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Aliingiza gia nzito, ile ndogo kabisa, ya kwanza, kisha akaiondoa miguu yote miwili kwenye pedali na kuiweka sakafuni. Injini ikanguruma na kulishika gari kama anayeshikilia ng'ombe mkia. Mteremko ukajifungua mbele yao, mwekundu, unang'aa, maji yanatiririka pande zote mbili.

"Breki!" mkaguzi alipiga kelele, mguu wake wa kulia ukikandamiza sakafu. "Mama, breki!"

"Breki ni ya kusimama. Sisi tunashuka."

"Tunateleza!"

"Ukikanyaga breki hapa ndipo utajua kuteleza. Foo-wili inakusaidia kwenda, baba, haikusaidii kusimama. Toa huo mguu, utanitoboa gari."

Nyuma ya gari ikahama kushoto, taratibu, kama mtu anayesogea kwenye benchi. Mkaguzi akafumba macho. Bibi Keni hakuigusa breki. Aligeuza usukani kule kule nyuma ilikokwenda, akadokoa mafuta kidogo tu, tairi za mbele zikauma, gari likanyooka. Akapiga kelele ya furaha kama msichana kwenye pembea. Hakika ni mwanamke wa hesabu, lakini mlima ukishikika mkononi namna ile, hata mwenye hesabu hupagawa.

Kwenye kona ya tatu wakalikuta gari jeupe.

Lilikuwa limelala mtaroni kwa ubavu, pua juu ya ukingo, taa zote zinawaka bure. Alama zake zilionekana wazi barabarani: mistari miwili mirefu iliyonyooka, ya mtu aliyekanyaga breki hadi mwisho na gari likaendelea na safari yake. Keni zilikuwa nzima chini ya turubai. Shemeji mwenyewe alisimama kando, tope hadi magotini, akibonyeza kitufe kupitia dirishani.

"Shemeji, nivute! Mnyororo unao!"

"Saa ngapi?" Bibi Keni alimuuliza mkaguzi.

"Mbili na dakika thelathini na tatu."

Alipima kwa macho. Upande wa juu wa barabara ilibaki nafasi ya pikapu na unene wa kiganja. Kuvuta gari lile kungekula saa nzima. Kupita ilikuwa dakika moja.

"Kukuvuta siwezi sasa. Gari litangoja, maziwa hayangoji. Keni zako nitazichukua."

"Zichukue, shemeji! Lakini useme ni zangu."

"Keni iliyopanda gari langu imeshushwa na mimi."

"Basi acha, nitasubiri trekta."

"Sawa." Akatia gia. Gari likasogea hatua tatu.

"Shemeji! Shemeji, ngoja! We mwanamke una roho gani?"

"Ya biashara. Sema mbele ya mkaguzi: njia ni ya nani?"

Mvua ilimpiga shemeji usoni. Alitazama gari lake, akatazama keni, akawakumbuka wafugaji watakaomuuliza.

"Ni yako," alisema. "Ni yako bwana, zipakie!"

Wote watatu walipakia, hata mkaguzi, na shati lake jeupe likasahau rangi yake. Shemeji alipanda nyuma kuzishikilia. Bibi Keni alipita ule upenyo kioo cha pembeni kikiwa kimekunjwa, ukuta wa udongo ukimlamba mlango.

Kwenye lami, ambako mvua haikuwa imenyesha, akasimama tena.

"Unasimama nini!" mkaguzi alilia. "Zimebaki dakika kumi na moja!"

"Lami kavu. Magurudumu yaliyofungwa pamoja hapa yanagombana, yatanivunjia gia." Akaitoa gia ya foo-wili kwa pumzi mbili, kisha akaondoka kwa namna ambayo shemeji huko nyuma alianza kusali kwa sauti.

Walipoingia lango la kiwanda, tanki lilikuwa limewasha injini na dereva wake ameanza kurudi nyuma. Bibi Keni aliliweka gari lake katikati ya lango, akazima, akaweka funguo mfukoni. Saa tatu kasoro dakika mbili. Honi zililia, yeye alikuwa tayari nyuma anafungua kamba. Mkaguzi alifungua kisanduku kwa mikono ya tope, akapima keni moja baada ya nyingine.

"Safi," alisema. "Safi. Zote ishirini safi!"

Meneja alitoka ofisini. Alimtazama shemeji akishuka kama kinyago cha udongo.

"Na wewe gari lako liko wapi?"

"Mlimani," alisema shemeji. "Njia ni yake, meneja. Mimi nipe za lami."

Meneja akaitikia kwa kichwa, akageuka kurudi ofisini kama mtu aliyemaliza kazi. Mwingine angeshukuru akaenda zake. Bibi Keni alisimama mbele yake.

"Siku za mvua, tanki lingoje nusu saa."

"Nusu saa! Haiwezekani kabisa. Mjini watanila nyama."

"Umeona mlima umemfanya nini mwenye gari jipya."

"Dakika kumi."

"Ishirini."

"Robo saa, na usiniongezee neno!"

"Robo saa," alisema Bibi Keni, ambaye tangu usiku alikuwa anataka robo saa. Akampa mkono wake wenye tope, meneja akaupokea bila kutazama. Kisha akamgeukia shemeji: "Panda, twende tukalitoe gari lako."

"Utanidai nini?"

"Tutaongea njiani."