Maneno Yaliyomgomea Redio

Fundi huyu wa dari wenzake walimwita Redio, maana mdomo wake haukujua likizo. Hata akiwa juu ya ngazi, vumbi jeupe limemjaa kwenye nyusi, alikuwa anasimulia. Bodi za dari alizishikilia kwa utosi, mikono ikikaza skrubu.

Siku moja bodi kubwa iliteleza. Akaidaka kwa kichwa, shingo ikapinda vibaya, maumivu yakamchoma upande wa kushoto. Siku zilizofuata kichwa kilimgonga upande uleule, na kope la jicho la kushoto likalegea.

“Baba Pacha, nenda hospitali,” mkewe akamsihi.

“Shingo imekaza tu, Mama Pacha. Nikimaliza ukumbi huu nitapumzika.”

Hakuumaliza. Akiwa katikati ya mzaha ulimi ukawa mzito, skrubu zikamponyoka mkono wa kulia. Wenzake wakacheka, wakidhani anaigiza. Walipouona mdomo umeenda upande, wakambeba mbiombio.

“Mshipa mkubwa wa damu shingoni umechanika kwa ndani,” daktari alimweleza Mama Pacha. “Damu ikaganda, donge likapanda ubongoni. Ni kiharusi.”

“Kiharusi? Hata mvi hana!”

“Hiki hakikungoja mvi, mama.”

Nguvu za mguu wa kulia zilirudi, za mkono nazo taratibu. Maneno ndiyo yaliyogoma. Kichwani yamejipanga sawasawa. Yakifika mdomoni, mengine kabisa. Anataka maji, anasema “ngazi”. Wageni walimjadili mbele yake kana kwamba ni kabati. Shemeji yake ndiye aliyemchosha zaidi: alimmalizia kila sentensi, na kila mara alikosea.

Kisha akaja fundi mwenzake kumjulia hali, akijikanda shingo.

“Hizi bodi zitaniua,” akasema. “Wiki nzima sigeuki.”

Redio akainuka kitini. “Ho… ho…”

“Hoi,” shemeji akadakia. “Anasema yuko hoi. Mpelekeni akalale.”

Redio akapiga meza hadi vikombe vikaruka.

“Nyamaza, kaka!” Mama Pacha akafoka. “Mwache amalize mwenyewe.”

Wakangoja. Jasho lilimtoka kama mtu anayesukuma lori.

“Shingo… wewe… hos-pi-tali. Leo.”

Yule fundi alikwenda. Akapimwa, ikaonekana ni misuli tu. Kesho yake akarudi akicheka: “Umenitisha bure, bwana!”

Redio hakucheka. Alilitafuta tusi, akalichagua kwa makini, akalipata zuri kabisa. Likatoka “sahani”.